Ngozi ya Kaburi la Mwana Zaina

Mwezi wa Shaabani ukiandama, wanawake wa Mwakisunga walikuwa wakienda kumkosha Mwana Zaina. Hivyo ndivyo walivyosema, "twenda kumkosha," kana kwamba bibi huyo, aliyezikwa zamani asizozijua mtu, angali kitandani anangoja maji ya uvuguvugu. Kilichokoshwa ni kaburi lake, kijumba cha mawe ya matumbawe kisicho na paa, kilichosimama baina ya minazi na bahari, kusini ya Msambweni. Kuta zake humfikia mtu mzima kifuani, na ule wa mbele una nakshi ya kamba iliyosokotwa, imefinyangwa kwa chokaa na fundi ambaye jina lake limepotea. Wanawake walizisugua kuta kwa makumbi laini, wakazimwagia maji ya mvua yaliyotiwa marashi, wakazipaka chokaa nyembamba kama maziwa, na ilipoanza kukauka wakakaa chini kuisugua kwa kauri za pwani, pole pole, hata ukuta ukang'aa kama yai lililomenywa. Chokaa iliyosuguliwa hivyo waliiita niru. Siku hizi ukimtajia kijana wa hapa niru atakuuliza kama ni duka la simu.

Aliyewaongoza ni Mwanapili binti Luqman. Hakuchaguliwa. Waliomtangulia walikufa mmoja mmoja, naye akabaki na kauri mkononi.

Babake alikuwa mchoma chokaa. Enzi zile nyumba za mawe za pwani hii zilisimama kwa jasho la watu kama Mzee Luqman, waliokusanya matumbawe yaliyokufa, wakayapanga duara juu ya magogo, wakayachoma hata yakawa meupe na mepesi, kisha wakayazima kwa maji ndani ya shimo na kuyafunika. Chokaa ililazwa humo msimu mzima. Mwanapili alipokuwa mtoto alidhani ni mnyama, kwa vile ilivyonguruma ilipotiwa maji, na kwa vile mamake alivyowakemea watoto waliopiga kelele karibu: "Nyamazeni, chokaa imelala."

Kisha ikaja saruji, na saruji haina subira. Unaikoroga asubuhi, jioni umejenga, na mtoto wako akiota ndevu umekwisha kubomoa. Tanuu la Mzee Luqman likaota magugu. Yeye mwenyewe alimalizia siku zake akiwa bawabu katika hoteli moja ya Diani, amevishwa joho na kofia nyekundu yenye kishada ambavyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyepata kuvivaa, ili wageni wampige picha. Alikufa na picha zake zikiwa katika nyumba za watu asiowajua, na kwake haikubaki hata moja. Mwanapili akilikumbuka hilo hutema mate kando, mpaka leo.

Yeye aliishi kwa kushona makuti. Mumewe alikuwa mtunza bustani, akafa kwa homa. Watoto wakaenda Mombasa na Likoni, wakapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Nyuma ya nyumba yake alibakiza shimo moja dogo la chokaa, aliyoichoma kwa mawe ya gofu la nyumba ya babu yao, na shimo hilo alilifunika na kulifunua kama mtu anayetazama uji wa mgonjwa. Wahubiri vijana walimwambia kusugua makaburi ni bidaa. Akawajibu, "Mimi simwombi, namkosha. Nyinyi mama zenu mtawaacha na uchafu?" Wakaondoka wakinung'unika.

Hoteli ilipoanza kujengwa kando ya kaburi hakuna aliyeshtuka. Pwani hii imezoea kuzungushiwa ukuta. Mtu hulala njia ya bahari ipo, akaamka ameikuta na geti na mlinzi anayemwuliza anakwenda wapi. Kilichowashtua ni misumeno. Wajenzi walikata mawe ya sakafu pale pale mpakani, kwa misumeno ya umeme inayopozwa kwa maji, na kwa kuwa maji matamu yana gharama walivuta ya bahari kwa pampu. Kutwa msumeno ulilia, kutwa ulitema ukungu wa chumvi na vumbi, na upepo wa kusi ukivuma ukungu wote ulimwendea Mwana Zaina usoni.

Siku moja Mwanapili alipitisha kiganja ukutani akahisi chengachenga, kama ngozi ya mtoto mwenye harara. Wiki zilizofuata chokaa ilianza kuinuka magamba. Akajifunga leso, akaenda Kwale na mtoto wa nduguye, Abubakar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Katika ofisi waliyoelekezwa walipokewa na kijana mwenye tai.

"Bibi, unasema ukuta umechakaa?"

"Nasema unaliwa."

"Unaliwa na nini?"

"Na chumvi ya jirani."

"Una ushahidi gani?"

Mwanapili akamwonyesha kiganja, kilichokuwa bado na unga mweupe katika mikunjo. Kijana akakitazama, akatabasamu kama watabasamuvyo watu waliokwisha kukata shauri, akasema serikali haiwezi kusimamisha mradi wa watu kwa ajili ya kiganja. Walete wataalamu. Walete vipimo.

Njiani wakirudi, walipofika Kona ya Musa kubadili gari, Mwanapili alisema: "Mkono kama huu ndio uliomlea babake yule kijana, na leo haumtoshi ushahidi."

Abubakar alikuwa mtu mwema, lakini mwenye maradhi ya siku hizi: akisikia jambo limetajwa kwa Kiingereza huamini limekwisha kutendeka. Alihangaika na simu yake, akapiga huku na kule, hata akawapata watafiti wa vitu vya kale kutoka Nairobi. Wakaja na gari lililojaa masanduku meusi. Mkubwa wao alikuwa msichana mrefu, jina lake Beryl, mwenye suruali ya mifuko mingi na uchangamfu wa watu wa bara.

"Sasa, shosh! Uko poa?"

"Shoshi ndiye nani?" Mwanapili alimwuliza Twaiba, wifi yake, aliyekuwa amekaa naye mkekani.

"Labda ni mgonjwa wanayemtafuta," Twaiba akajibu. "Waelekeze hospitali, isiwe wamepotea njia."

"Shangazi, kwao ni bibi," Abubakar akasema, jasho likimtoka.

"Na kwetu bibi huanzwa na shikamoo."

Beryl akacheka, akainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umefika. Kaa unywe chai."

Chai hawakuinywa ila kwa kusimama. Walitundika hema ya kitambaa cheusi juu ya kaburi, maana jua lingeufuta mwanga wa mashine yao, wakaingiza ndani chombo chenye miguu mitatu, mfano wa kamera ya harusi. Chombo kilimulika ukutani mistari ya mwanga na giza, myembamba, iliyopangana kama nyuzi za kikoi. Penye ukuta laini mistari ilinyooka. Penye gamba au tundu ilijikunja. Kamera zilizo ubavuni zikaipiga picha mikunjo hiyo, na kompyuta ikahesabu kutokana nayo kila kilima na kila bonde la ukuta, hata yale ambayo jicho haliyaoni. Hakuna aliyeugusa ukuta. Walibandika tu vijiduara vyeupe na vyeusi, kwa gundi hafifu, kuonyesha mahali mashine itakapotazama tena watakaporudi.

Beryl alimwita Mwanapili chini ya hema akamwonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta uso wa kaburi ulikuwa kama nchi iliyotazamwa kutoka kwenye ndege: mabonde ya buluu, miinuko ya kijani, na huku na huku ncha nyekundu.

"Nyekundu ndiyo imekwaruza sana," Beryl akasema. "Leo tumepima vile iko. Tutarudi mwaka ujao tupime hapo hapo. Nyekundu ikiwa imeongezeka, hiyo hoteli haina la kusema. Misumeno itatoka."

"Yaani chombo hiki kinapapasa kwa mwanga?"

"Eeh, bibi. Kinapapasa kwa mwanga."

Mwanapili alitoka chini ya hema ile amepoa moyo. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye cheti alikuwa amekubali kuwa ukuta una ngozi, na ngozi ina maradhi. Angemwombea msichana yule dua usiku ule, na alimwombea.

Lakini kulikuwa na maagizo. Beryl aliyatoa kabla ya kupanda gari: ukuta usiguswe, usioshwe, usipakwe kitu mpaka watakaporudi. Aliyatoa kwa Kiingereza, kwa mwanamume, kando ya mlango wa gari, na wale wenye mikono ya kugusa, kuosha na kupaka wamekaa mkekani wanakusanya vikombe vya chai iliyobakizwa nusu. Abubakar akaitikia kwa kichwa. Baadaye akawaambia wanaume wa kamati. Wanaume wa kamati wakasema ni vyema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulikosha kaburi lile, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba maagizo yale yana mtu wa kuambiwa.

Shaabani ikaandama. Habari ikaja kuwa wageni wa Nairobi watafika baada ya juma moja.

"Watamkuta vipi katika hali hii?" Twaiba akasema, akitazama magamba. "Watasema Mwakisunga hakuna wanawake."

"Safari hii tunampaka mara mbili," Mwanapili akasema. "Na ulete marashi ya nyanya yako, yale ya harusi uliyoyaficha."

"Nyanya yangu hayati, wifi, na marashi ni yangu, na sijayaficha. Nayatunzia harusi yangu ya pili."

"Huyo bwana atakayekuoa naye ataletwa kupimwa na ile mashine, tujue kama ana macho."

Walicheka hata wakashika mbavu. Wakafanya kazi kama hawajapata kuifanya. Walikwangua kila gamba, wakapangusa chumvi, wakapaka, wakangoja, wakapaka tena, wakasugua mpaka vidole vikafa ganzi. Hawakumfanyia Mwana Zaina peke yake. Walikuwa wanangojea wageni, na katika nchi hii mgeni hapokelewi kwa uso mchafu. Hata maskini asiye na kitoweo hufagia ua. Vile vijiduara Mwanapili alivibandua kimoja kimoja kwa ukucha, akavikosha, akavitia katika bakuli la udongo, akalifunika kwa kawa.

Beryl alipofika, mwenyeji wake alimpokea na bakuli hilo kwa mikono miwili.

"Vitu vyako, mwanangu. Hakikupotea hata kimoja."

Msichana alilitazama bakuli, akautazama ukuta uliokuwa uking'aa. Akakaa chini mchangani palepale.

"Nani amegusa?" akauliza. "Nani amefanya hivi? Mwenyekiti! Mwenyekiti, si nilikuambia? Si nilikuambia hapa, karibu na gari? Mwaka mzima! Mwaka mzima umeenda hivi hivi!"

"Niliwaambia kamati," Abubakar akasema.

"Kamati ndiyo inapaka chokaa?"

"Hapana, lakini..."

"Alikuambia nini?" Mwanapili akamwuliza Abubakar, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililowatisha waliomjua. "Alikuambia nini ambacho mimi sikuambiwa?"

Abubakar akaeleza. Wanawake wote walikuwa wamesimama na leso zao safi, walizovaa kwa ajili ya wageni. Alipomaliza, Mwanapili aliliweka bakuli chini.

"Ulikaa nalo hilo mwaka mzima," akasema. "Ulikula pilau kwangu Maulidi, ukakaa nalo. Ukaniona naitoa chokaa shimoni juzi, ukanisalimu, ukapita nalo." Kisha akamgeukia Beryl. "Na wewe. Ulinionyesha picha zako, ukaniita chini ya kitambaa chako. Lugha ya kunionyesha unayo, ya kunikataza huna?"

Beryl aliinuka mchangani, akaliokota bakuli. Na haki yake isemwe: hakulia wala hakutukana. Alipima, kwa kuwa ndiyo kazi aliyotumwa, na katika taarifa yake aliandika wazi kuwa uso wa kaburi umefanyizwa upya na vipimo vya mwaka ule havifai kulinganishwa na vya mwanzo.

Lakini nani siku hizi husoma maneno penye tarakimu? Kwenye kikao cha kusikiliza malalamiko, kule Kwale, wakili wa hoteli aliruka maelezo akaenda kwenye jedwali. Ukuta, akasema, ni laini kuliko mwaka uliopita. Vipimo vya walalamikaji wenyewe vyasema hivyo. Kwa hiyo ujirani wa hoteli haujaudhuru ukuta, pengine umeufaa. Kisha akaongeza jambo, na alilisema kwa upole kabisa: ikiwa akina mama hupaka chokaa mpya kila mwaka, basi ukuta huo si wa kale, ni wa mwezi uliopita. Wanataka kulinda nini hasa?

Mwanapili alisimama bila ya kupewa ruhusa. "Na wewe, mwanangu, hukoga? Ukishakoga unakuwa umezaliwa mwezi uliopita?"

Watu wakacheka, hata mwenyekiti wa kikao. Lakini kicheko hakiandikwi katika uamuzi. Malalamiko yalitupwa, na asubuhi ya pili misumeno ikaongezwa.

Kuna hasira ya kupiga kelele, na kuna ile inayokaa kama mwiba wa samaki kooni. Hii ya pili ndiyo aliyokuwa nayo Mwanapili. Kila aliposhona makuti alisikia msumeno. Fundi wa hoteli alipotuma mtu kununua makuti ya kuezekea baa yao, alimjibu yule mtu kuwa makuti anayo, tele, na yataozea uani mwake. Akafurahi kwa muda wa kufunga mlango, halafu hasira ikarudi.

Beryl naye akarudi, safari hii peke yake, bila ya masanduku. Alisema shikamoo mlangoni, akavua viatu, akaketi mkekani na kunywa chai yote. Kisha akasema alilolijia. Njia ipo moja. Apime sasa hivi, na niru ikiwa mpya. Halafu ukuta uachwe mwaka mzima, usiguswe. Chumvi ifanye kazi yake. Akipima tena, hakuna wakili atakayeweza kuikana tofauti.

"Na Shaabani ikifika?"

"Usiguswe, bibi."

"Na magamba yakiinuka?"

"Yaache. Hayo ndiyo tunataka."

Mwanapili alivunja upande wa kuti aliokuwa akiukunja. "Yaani nimwache bibi yangu aliwe, ili nyinyi mje mpime meno."

"Sina njia ingine," Beryl akasema. "Ningekuwa nayo singekuja kukuambia hii. Ukimpaka, wanasema hajaumia. Ukimwacha, ataumia kweli."

"Wamefanya hivyo kusudi."

"Hapana. Hawakufikiria hata."

"Hilo ndilo baya zaidi," Mwanapili akasema, naye akamtaka aende zake, amwache afikiri.

Hakumwuliza mtu. Aliyekuwa na haki ya kuulizwa alikuwa chini ya mawe. Juma lililofuata alimtuma Abubakar apige simu Nairobi: waje wapime. Na alimwambia Abubakar jambo la pili: "Safari hii nitawaambia wanawake mimi mwenyewe, kwa lugha ya mama yao."

Wapimaji walipokwisha kuja na kupima, akawaambia wanawake. Wengine walikubali, kwa shingo upande. Twaiba hakukubali wala hakukataa, alinyamaza tu, na Mwanapili alijua maana ya kunyamaza kwake. Kwa hiyo Shaabani ilipoandama alikwenda kaburini mapema, na fimbo ya mkwaju, akakaa mbele ya ukuta. Jua lilipochomoza wakaja: Twaiba mbele, na wengine nyuma yake, na ndoo, na makumbi, na marashi.

"Sogea, wifi," Twaiba akasema.

"Sisogei."

"Nilidhani ni maneno tu. Nilidhani ukimwona alivyo utaona haya." Twaiba alinyoosha kidole ukutani. Niru ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na nakshi ya kamba imeota unga mweupe. "Tazama! Unamwona? Mama yako angekuona hapa na fimbo!"

"Mama yangu namjua mimi."

"Umelishwa nini na yule msichana? Umenunuliwa? Sema tu, tujue bei, na sisi tuna babu, twende tukamwuze."

Mwanapili aliinua fimbo. Hakujua mwenyewe kama angempiga. Wanawake walishika vinywa. Wifi hao walikuwa wamezaa nyumba moja, wamezikiana watoto, wamegombania kisima na ufunguo na upawa, na katika hayo yote haijapata kuinuliwa fimbo.

"Rudini," Mwanapili akasema. "Atakayemgusa nitamvunja mkono. Nami Mola atanihukumu, si wewe."

Twaiba akamwaga ndoo yake palepale miguuni pake, maji ya mvua na marashi yote, akaenda. Ramadhani ile hawakupelekeana futari.

Hivyo ndivyo mtu aliyeishi kwa kulisafisha kaburi alivyomaliza mwaka akililinda libaki chafu. Alikwenda kila siku. Watu waliopita walidhani ameanza kurukwa na akili, na watoto walimwita mlinzi wa vumbi. Ng'ambo ya ukuta wa hoteli vijana wa msumeno walizoea kumwona, wakawa wanampungia mkono, hawana ubaya, wangejuaje? Na yeye alikaa, akatazama. Alitazama niru ikiinuka, ikijikunja, ikianguka. Alitazama chokaa ya chini yake, ile iliyopakwa na mamake, ikitokeza na kuanza kuliwa, na chini ya hiyo nyingine, ambayo hakujua iliwekwa na mikono ya nani. Baada ya mvua moja kubwa ya masika alikuta kipande cha kamba, chenye urefu wa dhiraa nzima, kimemwagika chini kama unga wa muhogo. Alijaribu kukizoa kwa leso. Hakikuzoleka. Hakuna mtu hai ajuaye kufinyanga nakshi ile, na alilijua hilo alipokuwa amepiga magoti, vidole vikiwa ndani ya unga.

Wapimaji walikuja, wakatundika hema yao nyeusi, mistari yao ya mwanga ikajikunja na kukatika kila mahali. Kwenye kioo cha kompyuta nchi yote ilikuwa nyekundu.

"Aaah, hii ni kali!" kijana mmoja wa Beryl akapiga kelele. "Hii ni safi kabisa! Ona hiyo tofauti!"

"Nyamaza," Beryl akamwambia. Lakini Mwanapili alikuwa amekwisha kusikia. Akatoka chini ya hema, akaenda nyumbani, hakuwapikia chai.

Kikao cha mara hii kilikuwa kifupi. Beryl mwenyewe alikuja kuleta habari, na Abubakar akimkimbilia mbele: misumeno imeamriwa iondoke, na hoteli isitumie tena maji ya bahari upande ule.

"Tumeshinda, shangazi!"

"Wewe ulishindana lini?" Akajifunga leso kiunoni. "Basi vizuri. Leo namkosha."

Abubakar akamtazama Beryl. Beryl akatazama chini.

"Bibi, bado," akasema. "Kuna kitu. Ukuta ambao umeliwa na chumvi, na tuna vipimo vyake tangu siku ya kwanza, hakuna mahali pengine. Kuna wataalamu wanataka kuja kuusoma. Wengine wanatoka ng'ambo. Ofisi ya vitu vya kale imeamua uwekewe paa na uzio, ubaki vile uko. Usiguswe. Utasaidia kuta zingine nyingi, Bibi. Si jambo dogo."

Pengine ni kweli si jambo dogo. Mwanapili aliposema hakupaza sauti.

"Nilipokuja na kiganja changu mlisema si ushahidi. Nikampaka, mkasema basi si wa kale. Nikamwacha akaliwa, nikamwinulia wifi yangu fimbo, na sasa mwasema kidonda ni kizuri mno hakifai kutibiwa. Hebu nijibu, mwanangu, wewe mkweli, nakujua u mkweli. Katika siku zenu hizi zote, ni siku gani niliyokuwa na ruhusa ya kumgusa?"



Mwanapili alitoka akaenda nyumba ya tatu, akasimama mlangoni.

"Hodi, wifi."

"Nani?" Twaiba akauliza kutoka ndani, na sauti aliijua vizuri.

"Yule aliyenunuliwa."

Vikasikika vishindo vya masanduku, na kitu kikaanguka jikoni. Twaiba alitokea mlangoni na ndoo mkononi na kauri zimefungwa kwenye pindo la leso.

"Marashi yamekwisha," akasema. "Niliyamwaga juu ya miguu yako."

"Tutatumia maji."

Waliifunua chokaa shimoni, nzito na nyeupe kama mtindi, wakaibeba wawili, na njiani wengine wakawafuata. Abubakar aliwahi mbele akasimama kati yao na kaburi, simu sikioni. "Shangazi, kuna sheria. Watakushtaki kweli. Si mimi, ni sheria."

"Nishtakini. Mnipime na mimi."

Akampita. Beryl alikuwa amesimama kando ya mnazi, mikono mifukoni, naye hakusogea wala hakuita mtu. Wanawake wakapangusa chumvi, wakakwangua magamba, wakapaka, wakakaa chini kusugua, na hapakuwa na mzaha wala wimbo. Mahali kamba ilipokatikia hawakujaribu kuifinyanga upya, wangeifanya kichekesho tu. Mwanapili alilipaka chokaa lile pengo lenyewe, akalisugua kwa kauri muda mrefu kuliko ukuta wote uliosalia, hata likang'aa kupita pengine popote, ili kila apitaye aone palipoliwa.